Kidole cha Didar na Mikate ya Baro

Mama yetu, Hurmat, tulimzika Februari, ardhi ya bonde letu la Hunza, huku milimani, ikiwa imeganda hata wachimbaji wakaanza kwa kuwasha moto juu yake. Naandika haya ili wajukuu wajue alivyokuwa mbishi.

Ubishi wake mkubwa ulikuwa na kaka yangu Didar, na ulihusu kidole cha mguu. Didar alirudi kutoka Karachi baada ya miaka kumi na minane ya ulinzi wa maghala, akiwa na kisukari na kidonda kisichofunga. Daktari alimwambia sukari isiposhuka kabla theluji haijaanguka, kidole kitakatwa.

Asubuhi ya kwanza mama akamwekea phitti, mkate wetu mnene, ukitoka moshi. Didar akausukuma.

"Mama, sili nafaka. Wazee wa kale hawakulima. Walikula nyama, mayai, mafuta na walichookota. Kisukari hawakukijua."

"Wazee gani hao? Mimi nawajua wetu mpaka babu wa babu yangu, na wote walikuwa na jembe."

"Nasema kabla ya hao."

"Kabla ya hao hujui hata jina la mmoja, ila mlo wao unaujua?"

Nilicheka. Didar akanikata jicho.

Kwa kweli sukari ilishuka kidogo, na mama akanuna. Ila wiki ya pili hamu ya kutafuna ilimzidi Didar. Akaingia ghalani, akala viini vya kokwa za aprikoti, kama ishirini hivi. Kwetu kuna magunia mawili: viini vitamu vya kula na vichungu vya kukamua mafuta ya nywele. Alipoonja uchungu hakutema. Alisema baadaye kwamba alidhani kitu kichungu kinapiga sukari.

Saa moja haikupita, akaanza kutapika na kuona nyumba inazunguka. Jirani akatukimbiza zahanati kwa gari lake. Mama alikaa kando ya kitanda na tasbihi mpaka alipomwona anaketi.

"Hata hao wazee wako wasio na jembe, wangekula hivyo wewe usingezaliwa. Vichungu vinachemshwa, maji yanamwagwa, vinaloweshwa tena siku nzima."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Ulikuwa unanifundisha."

Muuguzi, binti wa kijiji jirani, akamgeukia mama. "Na wewe bibi, unampikia nini?"

"Chakula cha mababu. Phitti."

"Ya unga gani?"

Unga wetu ulikuwa mweupe, wa gunia, unaoletwa na malori. Baro, ile nafaka nyeusi yenye pembe tatu, tuliacha kuipanda viazi vilipopata wanunuzi, na mama mwenyewe ndiye aliyeamua.

"Mkate ni wa mama yangu," akasema mama. "Unga ni wa lori."

"Mababu wa lori!" Didar akacheka mpaka akakohoa.

"Nyamaza, mla sumu."

Lakini wiki hiyohiyo mama alituma watu kwa binamu yake wa bonde la Chapursan, wakaleta unga wa baro na mbegu. Akatenga kipande kimoja cha shamba la viazi, akalima akiwa na miaka sabini na moja. Didar aliendelea na nyama na mayai yake. Mama akamruhusu, naye akakubali mkate mmoja mwembamba wa baro kwa siku, pamoja na mboga na maziwa ya mgando. Vidonge vya sukari alivyopewa na daktari alimeza mbele ya mama, kinywa wazi, akaguliwe.

Oktoba daktari alifungua bendeji. Kidonda kilikuwa kimefunga.

"Nyama," alisema Didar.

"Baro," alisema mama.

"Na vidonge je?" aliuliza daktari.

Mama na Didar hawakuafikiana mpaka Mwenyezi Mungu alipomchukua mama usingizini. Siku ya arobaini, baada ya dua katika jamatkhana, nyumba yetu ya ibada, Didar alikataa tumsaidie jikoni. Alipika mchuzi wa nyama na mikate ya baro. Mchuzi ulikuwa mzuri. Mikate iliungua upande mmoja, naye akasimama kwa miguu yake miwili akiwagawia wageni, akimwambia kila mmoja, "Kula, ni mkate wa mama." Mungu amrehemu mama yetu.