Mchanga wa Tetari

Mto Kosi ulipotapika mchanga juu ya mashamba ya Belhatti, wanaume wa kijiji walipanda juu ya tuta la kuzuia mafuriko, wakatandaza maturubai, wakaanza kazi mpya ya kulalamika. Waliifanya kwa bidii zaidi kuliko walivyowahi kulima. Asubuhi waliilalamikia serikali, mchana mto, na alasiri waligombana nani amepoteza zaidi. Tetari Devi alikaa nao miezi mitatu, akawasikiliza, akawachoka.

Hakuwa mtu wa kuficha dharau zake. Aliolewa Belhatti akiwa na miaka kumi na tano, na tangu hapo mto ulikuwa umembomolea nyumba mara tano. Mume wake, Sukhdeo Mandal, alikwenda Punjab kuvuna ngano za watu, akarudishwa majivu ndani ya chungu. Watoto hawakujaaliwa. Alichoachiwa na mauti na maji ni mbuzi wawili na shemeji mmoja, na katika hao watatu, wenye faida walikuwa mbuzi.

Shemeji huyo, Ganauri, mdogo wake Sukhdeo, alikuwa katibu wa kamati ya wahanga, cheo alichojivika mwenyewe siku ambayo wenzake walikuwa wakihangaika kuokoa ng'ombe. Alivaa kanzu fupi nyeupe isiyojua tope, na kwapani alibana faili la plastiki ambalo hakuna aliyewahi kuliona ndani. Boti ya wakubwa ilipokuja kukagua maafa, yeye ndiye aliyepanga watu: waliokonda mbele, wenye mashavu nyuma.

"Shemeji, kaa hapa mbele," alimwambia Tetari. "Wakishuka, lia kidogo."

"Nilie nini?"

"Chochote. Mume, shamba."

"Mume nilishamlilia. Na shamba nikililia, litaota?"

Tetari akawapa kisogo Ganauri na wakubwa wake, akashuka tuta upande wa mto.

Maji yalikuwa yamerudi chini, na pale yalipokuwa mashamba ya mpunga palikuwa peupe kama unga, mchanga mtupu hadi kwenye ukingo wa mto. Tetari alichimba kwa mikono. Kufikia kiwiko, mchanga ulikuwa na unyevu. Hilo lilimtosha. Kesho yake alianza kushusha samadi kwa kapu kichwani, huku wanaume wa tuta wakimtazama na vikombe vyao vya chai.

"Shemeji anapeleka mbolea jangwani," Ganauri aliwaambia wenzake, wakacheka.

"Ningewapelekea nyinyi," Tetari alijibu bila kusimama, "ila nanyi hamuoti kitu."

Alichimba mashimo mia mbili na kumi. Katika kila shimo alitia samadi, akapanda kipande cha mzizi wa parwali, ile mboga ya kutambaa inayozaa vijitunda vya kijani vinavyopendwa na kila mpishi wa jimbo lao la Bihar. Mizizi aliiomba kwa ndugu zake wa upande wa juu wa mto. Alimwagilia kwa madebe mawili hadi mizizi ilipoufikia unyevu yenyewe, kisha akatandika nyasi kavu chini ya majani yasiungue. Mchana alikula unga wa dengu za kukaanga uliokorogwa kwa maji, chumvi na pilipili mbichi, akiwa amechuchumaa hapohapo, kwa sababu kupanda tuta kula kungemlazimu kusikiliza mazungumzo.

Mwaka wa kwanza ulikwenda katika kujifunza. Mwaka wa pili mchanga wote ulikuwa kijani, na kila baada ya siku tatu mashua ilitoka Belhatti imejaa magunia ya parwali za Tetari. Hapo ndipo katibu alipokumbuka kwamba yeye naye ni mkulima.

Alishuka asubuhi moja na mpima ardhi wa serikali, mzee mmoja mpole mwenye mnyororo wa kupimia begani, na nyuma yao nusu ya kijiji.

"Shemeji, usinifikirie vibaya," alisema Ganauri, akikanyaga miche. "Haki ni haki. Shamba la marehemu kaka limezama. Hili ni fungu langu mimi. Limeandikwa."

"Toa mguu kwenye mche wangu, kisha uendelee kusema."

Akatoa mguu. Mpima ardhi akaeleza kwamba alama zote za mipaka zimechukuliwa na maji, na bila alama hata moja ya zamani hajui aanze kupima wapi. Tetari alifuta jasho kwa ncha ya sari, akamtazama shemeji yake kwa upole ambao wanaomjua wangeuogopa.

"Mzee, muulize yeye. Kisima cha baba mkwe kilikuwa kwenye fungu la nani?"

Ganauri hakuona ubaya wa swali. "La kaka," alisema. "Kila mtu anajua. Kona ya mashariki ya fungu la kaka."

"Na sasa kiko wapi?"

"Kule." Akanyoosha kidole katikati ya mto, akageukia watu. "Kule kwenye maji. Si ndicho ninachosema? Kisima kimezama, na shamba la kaka limezama nacho."

"Mmemsikia?" Tetari aliwauliza watu. Wakasema wamemsikia. Alimuuliza hata mpima ardhi, naye akasema amesikia.

Akachukua jembe, akaenda hatua arobaini hivi hadi kwenye shimo moja lisilo na mche, akaanza kuchimba. Hakuna aliyejitolea kumsaidia, naye hakuomba. Alipofika kina cha kiuno, jembe lililia. Akaweka jembe kando, akapangusa kwa kiganja, na mduara wa matofali ukajitokeza, pamoja na mfuo ule uliochimbwa na kamba ya ndoo kwa miaka hamsini. Wazee wawili waliingia shimoni kuupapasa. Mmoja wao alikuwa amejenga kisima hicho pamoja na baba yake Ganauri, naye hakuhitaji kutazama mara mbili.

Tetari alikuwa amegonga matofali hayo miezi minne nyuma, wakati wa kupanda kwa mwaka wa pili, alipochimba zaidi akitafuta maji. Aliyafukia, akanyamaza, akisubiri shemeji yake aseme kwa kinywa chake mwenyewe mbele ya mashahidi. Alijua atakuja. Mtu wa aina ile, alisema baadaye, husikia harufu ya mboga ikishaiva.

Mpima ardhi akatandaza mnyororo kuanzia kisimani. Fungu la Sukhdeo liliangukia juu ya parwali, karibu zote. Fungu la Ganauri lilianzia kwenye ukingo na kuendelea ndani ya maji, lote.

"Basi mimi nimekuwa maskini," Ganauri alinong'ona.

"Ulikuwa tangu zamani," Tetari alisema. "Faili ndilo lililokuzuga."

Wiki mbili baadaye Ganauri alirudi, safari hii bila faili, akaomba mizizi apande kwenye kipande cha mchanga upande wa juu. Tetari alimwambia atampa akishashusha makapu thelathini ya samadi. Alishusha kumi na moja, kanzu ikaharibika, mgongo ukamuuma, akapanda treni kwenda Delhi kwa mtoto wa mjomba. Mkewe ndiye aliyemalizia kumi na tisa, na mizizi akapewa yeye.

Mafuriko ya mwaka uliofuata hayakuleta mchanga. Yalikuja yakikata. Katika mchana mmoja mto uling'oa shamba la Tetari kipande kwa kipande, kila kipande kikianguka na miche yake. Watu waliopanda tuta walimtazama yeye kuliko walivyoutazama mto, wakingoja alie. Alisimama hadi kipande cha mwisho, akasonya, akaenda kuwafunga mbuzi. Siku ile hakula, wala siku ya pili. Mke wa Ganauri alimletea mchele uliopondwa na maziwa ya mtindi, akamkuta amelala ameukabili ukuta wa turubai, na macho yamevimba.

"Ukimwambia mtu," Tetari alisema, "nitakunyima mizizi."

Maji yalipopungua, mchanga mpya ulikuwa umejitokeza ng'ambo, upande wa magharibi. Tetari alikodi nafasi kwenye mashua akavuka na gunia la mizizi aliyoikata kabla ya mvua. Wanawake tisa walivuka naye, na mwanamume mmoja, kiziwi. Aliwafundisha kwa matusi tangu asubuhi hadi alasiri: huyu ana mikono ya bibi harusi, yule anachimba kama anayetafuta pete. Walivumilia. Walikuwa wameziona zile mashua zilizojaa magunia.

Juu ya tuta kamati ilichagua katibu mwingine. Alimtumia Tetari ujumbe kwamba wakaguzi wanakuja Jumanne, naye anahitajika kusimama mbele. Tetari alimwambia mleta habari amrudishie salamu, na kwamba Jumanne anamwagilia.