Firigisi Uwanjani

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na sioni sababu ya kuficha. Nilipokwenda chuo cha ualimu pale Mpanda kusomea stashahada, nilikuwa na miaka thelathini na nane, nimeshafundisha shule ya msingi Litapunga mpaka chaki imeniingia kwenye kucha. Darasani nilikaa na vijana ambao kwa umri wao ningeweza kuwa nimewafundisha kusoma na kuandika. Nilibeba godoro, sanduku la bati na viatu vyangu vya mpira. Viatu nilivifunga juu kabisa ya mzigo kwenye bodaboda, kila mtu avione.

Maana kwetu Litapunga mimi nilikuwa mtu. Mguu wangu wa kushoto ulijulikana vijiji vya jirani vyote. Nikipiga, kipa anabaki anabishana na refa kama mpira umepita ndani au nje, kwa sababu nyavu hatukuwa nazo. Chuoni nako sikuombwa hata kufanya majaribio. Siku ya kwanza tu nikakabidhiwa jezi namba tisa na kitambaa cha unahodha, nikavipokea kama mtu anayerudishiwa vitu vyake.

Mechi tano baadaye, kwenye mashindano ya vyuo, tulikuwa hatujafunga hata bao moja.

Hata moja, jamani! Na kilichokuwa kinaniuma roho ni kwamba tulikuwa tunafika golini. Mabeki wetu walikuwa wagumu, kiungo alikuwa anachezesha, na kulia tulikuwa na winga mmoja kijana wa Kasekese, mwembamba, ana mbio hizo! Anampita wa kwanza, anampita wa pili, amebaki na kipa peke yake, mashabiki wameshasimama. Halafu anasimama na yeye. Anainua kichwa, anazungusha macho mpaka ananiona mimi huko nyuma nimebanwa na mabeki wawili, ananipa pasi. Mpira unanaswa. Nami namwakia pale pale.

"Pasi gani hiyo? Hujui kuangalia muda?"

"Samahani mwalimu."

Walikuwa wananiita mwalimu, wote, hata uwanjani. Asubuhi mazoezini nilikuwa napokea shikamoo kumi kabla sijafunga kamba za viatu. Kocha wetu, mkufunzi wa michezo, alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, na yeye pia alikuwa ananianza na shikamoo kila alipotaka kunikosoa. Akishanisalimia na mimi nikishaitikia marahaba, ukosoaji wenyewe unamtoroka. Anaishia kuniuliza habari za watoto.

Mjini tukawa kichekesho. Kulikuwa na muuza viatu pale sokoni Kashaulili, mzee wa kanzu na kofia, asiyekosa mechi hata moja ya nyumbani. Nikipita dukani kwake anapaza sauti ili wenzake wasikie.

"Mwalimu, hebu niambie, hivi vijana wako wanakwenda golini kusalimia?"

Wenzake wanacheka mpaka wanapiga mapaja. Mimi nacheka kwa nje, ndani nachemka. Nikirudi bwenini nawakalisha vijana chini na kuwasomea makosa yao, mmoja mmoja. Wananisikiliza wameinamisha vichwa. Hakuna aliyewahi kunijibu.

Halafu likaja la uwanja. Chuo kilikuwa na mkufunzi wa kilimo, mchapakazi kwelikweli, na alikuwa ameutolea macho uwanja wetu siku nyingi. Udongo wake mzuri, umekaa tambarare, karibu na jiko. Kila siku jioni ungemwona anaupima kwa hatua kutoka goli hadi goli, anaandika kwenye daftari. Kwenye mkutano wa chuo akasimama akasema uwanja usiozaa bao uzae mahindi. Watu wakapiga makofi, maana mahindi ya jikoni yalikuwa yanapungua kweli. Mkuu wa chuo, mama mmoja asiye na maneno mengi, akatoa uamuzi: tumebakiza mechi moja, nayo ya nyumbani. Tukifunga hata bao moja, uwanja unabaki. Tusipofunga, mvua za kwanza zikidondoka trekta linapita.

Nani alikuwa ameufyeka uwanja ule? Sisi. Wale vijana waliamka alfajiri wakang'oa visiki kwa sururu, wakabeba mawe kwa karai. Mistari tulikuwa tunaichora kwa majivu ya jikoni, nayo kila mechi tunaichora upya kwa sababu upepo unaifuta. Nikiwatazama wanavyoinama na ndoo za majivu, mistari imenyooka utadhani wametumia kamba, nilikuwa nawapenda sana wale watoto hata kama nilikuwa nawafokea. Mkutano ulipoisha yule winga alikwenda akakaa peke yake kwenye nguzo ya goli.

Nirudi nyuma kidogo: mechi ya tano, ile tuliyofungwa mbili bila, mke wangu alikuwepo. Alikuja Mpanda kununua sare za watoto pale Kashaulili na kuniletea karanga na unga, akapitia uwanjani. Mke wangu ni Msukuma. Wazazi wake walishuka huku na ng'ombe yeye akiwa mgongoni kwa mama yake, na amechunga mpaka alipovunja ungo. Mpira hajui. Offside ukimwambia anadhani ni tusi. Alisimama pembeni dakika zote tisini, hakupiga kelele, hakukaa.

Mechi ilipoisha nikamkuta anabangua karanga. Nikaanza kulalamika: winga hivi, kiungo vile, vijana wa siku hizi hawana roho ya kufunga. Akaniacha nikamaliza.

"Baba watoto, ninyi hamtafunga mpaka mvi zikuote mpaka kwenye kope."

"Kwa nini?"

"Wanakupelekea firigisi."

Nikamwangalia kama amepigwa na jua.

"Wewe unaangalia mpira unakwenda wapi," akasema. "Mimi nimezoea kuangalia kundi zima. Kila mtoto akifika pale mbele anaacha kutazama goli, anakutafuta wewe baba yao uko wapi. Hawezi kula ule mnofu na wewe hujala. Na ukiangusha huo mnofu, unamgombeza aliyekupa."

Naomba nieleze kwa asiyekulia kwetu. Kuku akichinjwa, firigisi ni ya baba. Inawekwa juu ya bakuli, inasubiri. Watoto wataiangalia, mate yatawajaa, na hakuna wa kuigusa. Mimi mwenyewe nilikuwa na miaka karibu ishirini kabla sijaijua ladha yake. Nyumbani kwangu nako ni hivyo hivyo, na nilikuwa najivunia kwamba watoto wangu hawajawahi kukosea.

Nilikasirika. Nilimwambia ya mpira aniachie mimi. Nikamsindikiza kwenye bodaboda, nikarudi kujilaza. Lakini mechi zote tano zikaanza kupita kichwani, moja baada ya nyingine, na kila nafasi niliyoikumbuka ilikuwa na kijana amesimama mbele ya kipa, ameinua kichwa, ananitafuta mimi. Nilijisikia aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nilikuwa nimewafokea msimu mzima kwa sababu ya heshima yao kwangu.

Siku ya mechi ya mwisho nikawakusanya chini ya kivuli cha bweni, nikawaambia yote, na maneno ya mke wangu ya firigisi nikawaambia. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Hata kocha alicheka, halafu akaniangalia kwa hofu kama ameruhusiwa.

"Kwa hiyo leo uwanjani hakuna mwalimu," nikasema. "Mimi ni namba tisa tu. Ukifika golini, kula mwenyewe. Nimeeleweka?"

Wakajibu kwa pamoja, "Ndiyo mwalimu!"

Yaani! Ningefanya nini?

Uwanja ulijaa. Muuza viatu alikuja na kiti chake. Mkufunzi wa kilimo alisimama upande wa goli la kaskazini, daftari kwapani. Wageni walikuwa timu nzuri, na dakika ya ishirini wakatufunga kwa kona. Sisi tukafika golini kwao mara tatu kipindi hicho. Mara tatu hizo mpira ukaletwa kwangu. Mazoea ni mazoea, walikuwa wamelelewa vizuri mno.

Baada ya mapumziko nikapata akili ya kujificha. Nikarudi kucheza nyuma na mabeki, nikidhani wakikosa wa kumpa watapiga wenyewe. Ehe! Winga akakimbia na mpira mpaka kwenye boksi, akageuka, akaurudisha uwanja mzima mpaka miguuni kwangu. Mashabiki wakazomea. Mzee wa viatu akasimama juu ya kiti chake, kashika kiuno. Mimi nikabaki na ule mpira, natamani kulia na natamani kucheka.

Nikautoa nje. Nikaenda kwa kocha.

"Nitoe."

"Umeumia, mwalimu?"

"Sijaumia. Nitoe nje."

"Mwalimu, mimi siwezi kukutoa wewe."

"Basi najitoa."

Nikavua kitambaa nikamfunga winga mkononi mwenyewe, mbele ya watu. Nikavua na jezi namba tisa, nikampa mtoto wa mwaka wa kwanza aliyekuwa anakaa benchi tangu msimu uanze. Ilimfika magotini. Nikakaa pale kwenye nyasi na fulana yangu, na nisiseme uongo, iliniuma. Mguu ule wa kushoto ulikuwa bado una kazi. Niliujua.

Kwa dakika kumi walikuwa wamepotea kabisa, wanapasiana hovyo kama watoto walioachwa nyumbani peke yao. Halafu wakaanza kugombezana. Mungu wangu, nilifurahi! Winga alimfokea kiungo, kiungo akamjibu, yule mdogo wa mwaka wa kwanza akawafokea wote wawili. Hakuna aliyesema samahani. Timu ikachangamka.

Zimebaki dakika chache. Mpira ukatoka kwa beki, ukapigwa kulia, winga akaondoka nao. Wa kwanza akampita. Wa pili akampita. Akabaki na kipa, na akasimama. Niliona kwa macho yangu shingo yake inageuka. Alikuwa ananitafuta, na safari hii alinitafuta mpaka huku nje, kwenye nyasi.

Nilisimama. Nilipiga kelele ambayo nadhani ilifika stesheni ya reli.

"Kula! Kula mwenyewe!"

Akapiga. Haukuwa mpira mzuri, tusidanganyane. Ulimgonga yeye mwenyewe ugokoni, ukapiga nguzo, ukatambaa polepole juu ya mstari wetu wa majivu, ukaingia. Kipa wa wageni alibaki ameketi na alama nyeupe kwenye bukta.

Sikumbuki nilivyofika katikati ya uwanja. Nakumbuka nimembeba yule kijana begani na mgongo wangu unalia, na mzee wa viatu kofia imemdondoka anazunguka anauliza nani kaikanyaga. Tulitoka sare, moja kwa moja. Mkufunzi wa kilimo alinifuata, akanipa mkono, akasema basi mahindi atayapeleka kule bondeni, ila atahitaji vijana wa kung'oa visiki. Nikamwambia anao kumi na moja.

Nimefunga mabao mengi maishani. Nikiulizwa ninalojivunia, nataja hilo ambalo nililifunga nikiwa nje, sina jezi.

Jumapili nikawakaribisha kocha na winga nyumbani Litapunga kwa chakula cha mchana. Mke wangu alichinja jogoo. Njiani nilikuwa nimejiandalia hotuba: bakuli likija, nitaichukua firigisi mbele ya watoto wangu wote na kumkabidhi yule kijana, na watoto wajue kwamba baba yao amebadilika. Tukanawa. Bakuli likaja. Nikafunua.

Nikatazama juu ya mnofu. Nikatazama chini yake. Nikakoroga mchuzi kwa kijiko. Kocha na winga wakawa wanatazama ukutani kwa adabu.

"Mama watoto," nikaita, "firigisi iko wapi?"

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, anajifuta vidole kwenye kanga, hana haraka.

"Nimekula mimi," akasema. "Kwani nani aliwafundisha kufunga?"

Watoto wakaniangalia mimi, wote, kusikia baba atasema nini. Hasira nilizitafuta, nikakuta hakuna. Nilimwangalia yule mwanamke, akiwa na mafuta ya firigisi yangu mdomoni, nikavimba kifua kuliko siku ya lile bao.

"Ilikuwa tamu?" nikamuuliza.

"Sana," akasema, "na mlikuwa mnatuficha miaka yote hii."