Nilivyojaribu GPS Kwa Boma la Mama Njeri

Nichekeni tu, hii kichwa yangu imezeeka bure. Mjukuu wangu Chebet, anayeniita Kogo, yaani nyanya, alitaka GPS ya mkono, ya mchezo wa kutafuta vikopo vilivyofichwa. Muuzaji hapo mjini, mdomo sukari tupu: "Mama, hii ya bei ya chini inatosha mtu anaanza. Jaribu nyumbani, ikikataa rudisha."

Basi Chebet akaficha kikopo kwa fensi ya jirani, Mama Njeri. Nikazunguka boma lake na hiyo kitu, nikinyoosha mkono, nikipiga kelele: "Ni hapa! Kwa hii nyumba!"

Wakati wa fujo za kura, majirani walionyesha wachomaji nyumba yake. Amerudi hapa kwetu Munyaka juzi tu.

Nikageuka. Mama Njeri amesimama mlangoni, godoro kichwani.

"Kogo, hata wewe? Wanakuja saa ngapi?"