Walisema Amebemendwa

Kina mama wa usharika, mwenyekiti ameniambia niseme kwa kifupi. Kwa kifupi sijui, ila nitajitahidi. Mnaonijua mnajua kwamba katika viungo vyangu vyote, mdomo haujawahi kuugua hata siku moja. Leo mdomo huohuo umeletwa hapa mbele, na mengine nitakayosema yananiaibisha. Nivumilieni.

Nilizaliwa Sanya Juu, nikaolewa huku mlimani. Mume wangu anaongoza wageni. Anapanda nao siku sita, saba, anashuka, anapumzika kidogo, anapanda tena. Mimi hubaki na mama mkwe kwenye kihamba, shamba letu la ukoo, na migomba, na kahawa kidogo, na ng'ombe wawili wa maziwa. Maisha yalikuwa ya kazi, lakini nilikuwa mtu wa kucheka. Nikicheka bombani, watu wa barabarani walikuwa wanajua nimefika.

Aika alizaliwa salama, mtoto wa kwanza. Mama mkwe alinilea uzazi vizuri, siwezi kumsingizia. Miezi mitatu sikugusa jembe. Mtori asubuhi, maziwa mchana, supu jioni, mpaka mashavu yangu nikawa siyajui kwenye kioo. Mtoto ndiye hakunenepa. Alikuwa akinyonya kidogo anaachia titi, anahema haraka haraka, kijasho kinamtoka kwenye paji la uso. Nikadhani maziwa yanamjia kwa nguvu. Akilia, midomo yake inageuka rangi kama ya mtu aliyekula zambarau. Mama mkwe akasema, "Hiyo ni midomo ya babu yake." Tukacheka. Ni kweli babu yake alikuwa na midomo myeusi, lakini ile ilikuwa ya tumbaku.

Alitembea akiwa na mwaka mmoja na miezi minane. Na kutembea kwenyewe, hatua tano, sita, kisha anachuchumaa. Magoti kifuani, kichwa chini, kama mtu aliyedondosha sindano anaitafuta. Anakaa hivyo kidogo, anainuka, anaendelea. Ncha za vidole vyake zilianza kuwa nene, kucha zimebinuka, za rangi ya bluu. Kwenye kadi ya kliniki mstari wake wa uzito ulikuwa unalala badala ya kupanda. Nesi wa zahanati aliniambia, "Mama, wiki ijayo mrudishe, daktari amwone." Sikumrudisha. Niliona wale mama wengine kwenye benchi wananitazama, wanatazama miguu ya mtoto wangu, wananyamaza. Nilijua wananyamazia neno gani.

Ninyi mabinti ambao hamjazaa, labda hamlijui vizuri. Watu husema mtoto anayenyonya akikonda, akichelewa kutembea, basi amebemendwa. Maana yake baba au mama ametoka nje ya ndoa, akarudi akamshika mtoto na uchafu wake. Mtoto hadhoofu kwa ugonjwa, anadhoofu kwa dhambi ya mzazi. Na dawa yake, aliyekosa akiri kwanza, halafu mtoto aogeshwe majani.

Mama mkwe alilisema jikoni, tukiwa tunamenya ndizi. Hakuinua hata macho. "Mwanangu yuko mlimani na wageni na barafu. Huko atatembea na nani? Jiangalie wewe."

Mimi, mwenye mdomo huu, nilimenya ndizi mpaka nikajikata kidole.

Wiki mbili nilikataa mtoto kuogeshwa majani. Lakini mtoto alizidi kuisha, na ninyi mnajua, mtoto akiisha mkononi mwako utakubali hata usiyoyaamini. Tukampeleka kwa bibi mmoja anayeogesha watoto, jina lake nalihifadhi. Yalikuwa maji ya baridi ya majani. Aika alipoyagusa tu akapiga kelele. Akalia, akalia, kisha sauti ikakatika. Akawa mweusi midomo, ulimi, masikio, vidole. Macho yakapanda juu. Akalegea mikononi mwangu kama kitenge kilicholowa.

Yule bibi akasema, "Inatoka hiyo! Kiri sasa hivi, la sivyo unamzika!"

Nikakiri. Sijawahi kumjua mwanamume mwingine zaidi ya mume wangu, Mungu ni shahidi, lakini nilipiga magoti kwenye matope nikasema, "Ni mimi. Nimekosa. Mniachie mtoto wangu." Nikamkumbatia, nikamkunja, magoti yake yakabanwa kifuani kwake. Baada ya dakika chache akavuta pumzi. Rangi ikarudi kidogo kidogo. Yule bibi akapiga vigelegele. Mama mkwe akalia kwa kushukuru, na kwa kuniona mimi ni nani.

Mae! Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Nimekiri, mtoto amepona palepale. Hata mimi nilianza kujiuliza kama kuna siku nilikosa nikasahau.

Mume wangu aliposhuka mlimani alikuwa ameshaambiwa kwenye geti la hifadhi. Hakunipiga, hakupaza sauti. Aliniuliza neno moja tu, "Nani?"

Nikamwambia hakuna.

"Umekiri mbele ya mama yangu, halafu hakuna?"

Siku mbili hakuzungumza nami. Siku ya tatu asubuhi alikaa uani akisafisha vifaa vyake, maana angepanda tena keshokutwa yake, na nilijua akipanda na hasira ile akirudi hatarudi kwangu. Nilikuwa nakamua. Aika akatoka mlangoni kumfuata baba yake. Hatua sita, akachuchumaa. Akainuka, hatua nne, akachuchumaa tena. Midomo ya zambarau, anahema.

Mume wangu alikuwa na kile kipimo kidogo cha kubana kidoleni, wanachowapimia wageni hewa kwenye damu wakiwa juu. Sijui kilichomwingia. Anasema hakuwaza kitu, alitaka tu kumchekesha mtoto na ile taa nyekundu. Akambana kidole gumba. Akatazama. Akakitoa, akajibana mwenyewe, kikasoma tisini na sita. Akambana mtoto tena. Sitini na nane. Akajaribu kidole cha mguu. Sitini na sita.

Aliniita kwa jina langu la usichana, ambalo halitumii. Nikaacha ndoo.

"Mgeni akinionyesha namba hii," akasema, "simuulizi kitu. Namshusha. Hata akiwa amebakiza hatua kumi afike kileleni, hata akinitukana, namshusha." Akatazama uani kwetu, migomba, zizi, kama mtu aliyepotea nyumbani kwake. "Sasa huyu nimshushe wapi? Tayari tuko chini."

Akaanza kulia. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia. Nilitaka kumshika, lakini nilikuwa bado na hasira naye, nikambeba mtoto.

Siku hiyohiyo tuliteremka hospitali mjini. Daktari, dada mdogo tu, aliweka kile chuma chake kifuani kwa Aika, akasikiliza kwa muda mrefu, akahamisha, akasikiliza tena. Wakampaka mafuta ya baridi wakapiga picha ya moyo kwenye kioo. Nilimshika mikono asilie.

"Mama," daktari akasema, "mtoto huyu amezaliwa na moyo wenye tundu katikati. Na njia ya kupeleka damu kwenye mapafu ni nyembamba. Damu yake haipati hewa ya kutosha."

Nikamuuliza, "Daktari, nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu. Moyo unajengwa wiki za mwanzo kabisa za mimba. Pengine ulikuwa hujajua hata kama una mimba."

Mume wangu alikuwa ametazama sakafu. Akauliza polepole, "Na kubemenda?"

Namshukuru yule dada kwamba hakucheka. Alisema, "Baba, kubemenda hakuzibi mshipa. Na huku kuchuchumaa ndiyo dawa aliyojigundulia mwenyewe. Akikunja magoti, damu inalazimika kupita kwenda kwenye mapafu. Siku akiwa mweusi, mkunjeni magoti kifuani, mmbembeleze, mmlete haraka."

Nikakumbuka matope, na magoti yake kifuani. Si maungamo yangu yaliyomrudisha. Nilicheka kwa sauti pale chumbani, kisha nikashindwa kuacha, na kicheko kikawa kilio.

Nje ya mlango mume wangu aliniambia, "Nisamehe." Nilimwambia nitamsamehe, lakini si leo. Na nilimsamehe, ingawa ilichukua muda zaidi ya alivyotaka.

Tulisubiri miezi mitano nafasi ya upasuaji Dar es Salaam. Tulipewa dawa ya kunywa na masharti: anywe maji mengi, damu isiwe nzito, na asilie sana. Sasa mtoto wa miaka miwili usimlize! Alitutawala. Akitaka kijiko, apewe. Akitaka mkia wa ng'ombe, ng'ombe asogezwe. Mama mkwe, yule wa jikoni, alikuwa anamchezea ngoma kwa sufuria, pamoja na miguu yake ya baridi yabisi. Mara tatu alikuwa mweusi tena miezi hiyo. Mara tatu tulimkunja.

Dar, daktari wa upasuaji alitueleza bila kutuzungusha. Wataufungua moyo, watauziba ule ukuta, watapanua ile njia. "Wengi wanapona," alisema, "lakini siwezi kukuahidi wa kwako." Mlangoni nilimkabidhi Aika kwa nesi. Alikuwa ameshapewa dawa ya usingizi, kichwa kinamlegea, lakini mkono ulikuwa umeng'ang'ania kola yangu. Ilibidi nimfumbue vidole kimoja kimoja. Kina mama, nimezaa kwa uchungu wa siku nzima. Haukufikia vile vidole.

Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka jua likageuka. Sikuweza kuomba. Mume wangu ndiye aliyeomba, Kichagga, neno moja hilohilo. Tulipoitwa chumba cha wagonjwa mahututi nilikuta mtoto wangu ana mirija puani, shingoni, kifuani, ule wa kifuani unatoa maji mekundu kwenye chupa. Bandeji kuanzia chini ya koo hadi juu ya tumbo. Lakini macho yangu yalikwenda kwenye vidole. Kucha zilikuwa na rangi.

Nikamwambia nesi, "Mmempaka rangi ya kucha?"

Akaniambia, "Mama, hiyo ni rangi yake. Hujawahi kuiona tu."

Haikuwa rahisi baada ya hapo. Alipata homa. Maji yalijaa kando ya pafu, wakamtoboa tena. Siku nne alikataa kula. Siku ya tano akaomba ndizi, na Dar nzima sikupata ndizi iliyomfurahisha. Tulirudi nyumbani baada ya wiki tatu. Leo anakaribia miaka minne. Ana kovu refu, anaonyesha wageni bila kuombwa. Kila mwaka anapimwa moyo, na meno yake nayasafisha mwenyewe, maana daktari alisema uchafu wa meno unaweza kushuka mpaka kwenye moyo. Juzi alimkimbiza kuku mpaka barabarani. Hakuchuchumaa. Nilisimama na ufagio nikamshukuru Mungu, na madaktari, na yule dada aliyejua kusikiliza.

Mama mkwe alinijia jikoni akaniambia, "Nilikuhukumu." Nilimjibu palepale kwamba yamekwisha. Mlisema nina moyo mzuri, nimesikia mkisema. Si kweli. Nilimsamehe upesi kwa sababu sikuwa na mdomo wa kumlaumu.

Kabla sijazaa, alikuwapo mtoto wa jirani yangu wa kule chini. Mwembamba, midomo myeusi. Siku moja tuko foleni ya bomba, yule mtoto akakimbia kidogo akachuchumaa. Mimi nikasema, kwa sauti yangu hii, "Huyo kabemendwa. Mama yake anajijua." Watu wakacheka, nami nikacheka kuliko wote. Baada ya hapo mama yule akawa hamtoi nje mtoto. Hakufika miaka mitatu. Alikuwa wake wa pekee, na tulipomzika tukaacha kumwita mama fulani. Tunamwita tu jirani, au yule wa kule chini.

Kama ulikuwa moyo, sijui. Hakuna anayejua, kwa sababu hakuna aliyeupima.

Mwezi uliopita nilichuma jani la sale, kama wazee wetu wanavyofanya mtu akienda kuomba msamaha, nikambeba Aika, nikashuka kwake. Nikasema, "Shikamoo dada. Ni mimi niliyesema lile neno bombani."

"Najua," akasema. "Nilikuwa nyuma yako kwenye foleni."

Nikamnyooshea lile jani. Jani hakulipokea. Alimpokea mtoto. Akamketisha mapajani, akaweka sikio kwenye kovu, akasikiliza mpaka Aika akaanza kucheka kwa kutekenywa na nywele.

"Moyo wa mwanangu ulikuwa na mlio," akasema. "Akilala kifuani kwangu nilikuwa nausikia, kama upepo unapita kwenye ufa. Nilidhani mioyo ya watoto wote iko hivyo."

Kina mama, ushauri wangu ni mdogo. Mtoto akichoka kunyonya, akitoka jasho, akiwa na midomo ya bluu, akichuchumaa, mpelekeni apimwe. Lile neno liacheni. Mtoto mgonjwa anahitaji mama yake awe na ujasiri wa kutoka nje, na sisi ndio tunaomfungia ndani.

Jirani yangu alinirudia wiki iliyofuata kulichukua jani. Ameniruhusu niseme haya, na ameketi pale karibu na dirisha. Aliniomba kitu kimoja. Mwanawe aliitwa Eliudi. Basi tukitoka hapa, mkimsalimia, mwiteni Mama Eliudi.