Nilivyopewa kazi ya kununua kabichi kwa wajomba zangu, Lushoto

Wakuu, salaam. Naona vijana mnatoana jasho humu: procurement, logistics au store, ipi inalipa? Digrii ya supply chain sina. Haya yalinipata mwenyewe, na chumvi nimeiacha jikoni.

Enzi za ruksa, biashara imefunguliwa, kila mwenye lori ni tajiri. Tajiri wangu alitoka Dar, akanikuta sokoni Soni namsumbua muuza viatu mpaka kanipunguzia bei ili niondoke.

"Wewe mwenyeji?"

"Mzaliwa wa hapa hapa."

"Utaninunulia kabichi. Jaza gari kwa bei yangu, kazi ni ya kudumu. Ukishindwa, rudi kulima."

Kulima nilikuwa sitaki hata kukusikia.

Shamba la kwanza, la mjomba, kaka wa mama. Shikamoo. Marahaba. Mama hajambo? Mbuzi je? Uji ukaja. Sasa nimalize uji wa mtu halafu nimwambie kabichi zake ndogo?

Nikajaribu.

"Ndogo?" mjomba akashangaa. "Wewe ulipozaliwa ulikuwa na ukubwa gani? Na tulikupokea."

Nikalipa alichotaka.

Shamba la pili, shangazi. La tatu, mwalimu wangu wa madrasa (huyo nikimkaba kwa bei, akhera nitajibu nini?). Wakuu, mlima mzima mimi ni mtoto wa mtu!

Pesa ikaisha, lori nusu. Nikapanda juu kuhesabu kabichi, nikarudia, nikitumaini nimekosea. Sikukosea.

"Shuka," tajiri akasema.

Nikaenda kwa mjomba kuomba jembe. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Jembe la nini? Sisi umetushindwa, sawa. Huyo wa Dar naye mjomba wako?"

"Siyo."

"Basi kamkabe yeye. Utuuzie kabichi zetu."

Wiki iliyofuata tajiri akapanda tena Soni, akanikuta nimekaa juu ya rundo la kabichi za ukoo mzima.

"Shikamoo tajiri."

"Marahaba. Bei gani?"

Nikataja.

"Mbona ndogo hivi?"

"Lori lako ndilo kubwa, mzee."

Akanuna, akavuta, nikavuta. Jioni lori likashuka Mombo limejaa, kwa bei ya kwetu. Kazi hiyo nimeifanya mpaka ndevu zimekuwa nyeupe.

Kwa hiyo vijana, kabla ya kuuliza mshahara, angalieni mtakayekuwa mnamkaba. Kama ni mtu mtakayekula naye Idi, hamieni upande wake.

Waliofanya store waje watuambie: huko mashangazi hawafiki?