Mgagani Kwenye Kipande cha Kabichi

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, mama alipata kipande cha bustani bondeni, nje kidogo ya Somanda. Kamati ya mtaa iliwagawia akina mama kwa sharti moja: zilimwe mboga za kuuza sokoni, na kipande kitakachokutwa kitupu apewe mwingine. Kikaoni zilitajwa kabichi, nyanya na vitunguu. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kurudi nyumbani kupumzika. Nilipumzika vizuri sana. Wenzangu walikwenda Mwanza kuuza mitumba. Mimi nilibaki na kivuli cha nyumba, kikihama nami nahama.

"Baba," mama aliniita, maana kwetu mtoto wa kiume ni baba hata kama hajawahi kununua chumvi, "hiyo ndoo haitatembea yenyewe."

Basi nikawa mchota maji. Wanawake wa vipande vya jirani, waliomwita mama "mayu" kwa lugha ya kwetu, hawakunihurumia.

"Mayu, huyu mkamwana umempata wapi? Maji anachota vizuri, ila ndevu!"

"Nimempata bure," mama akajibu. "Ndiyo maana anakula sana."

Kabichi zilikuwa zimeanza kufunga vichwa, ndipo mto wa bondeni ukajaa. Kipande chetu kilikuwa cha mwisho, kando kabisa ya maji, na maji yalichukua kila kitu. Wenzetu wa juu waliponea. Mwenyekiti wa mtaa akatuma salamu kwamba mwisho wa mwezi angepita kukagua, na waliokuwa wanakitolea macho kipande chetu hawakukosekana. Kuotesha miche mingine ya kabichi hadi ionekane, mwezi usingetosha.

Nilitegemea mama atalia, niwe na sababu ya kulia naye. Alisimama mkono kiunoni, akachota matope kwa kidole, akayafikicha.

"Matope mazuri haya," alisema. "Mto umetuletea mbolea mpaka mlangoni."

Kesho yake alikuja na fundo la kitambaa lenye mbegu ndogo nyeusi. Nikazitambua.

"Mama, mgagani? Shuleni tulikuwa tunaung'oa kama gugu."

"Ndiyo maana mlikula maharage miaka minne."

Akazimwaga, akazifukia kidogo, na kando akatengeneza kitalu cha miche mipya ya kabichi. Mgagani ni mmea usio na maringo. Kabla sijazoea kuamka mapema ulikuwa umeota, na kufikia mwisho wa mwezi ulikaribia magoti, kijani kipande kizima. Nami, msomi, nilipita katikati yake na ndoo zangu nikijiona bwana shamba.

Mwenyekiti alifika alasiri na baiskeli, amevaa koti la mtumba lenye mabega mapana kuliko yake.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, mwenyekiti."

Akatazama. "Sasa hiki ni nini?"

"Mboga."

"Mayu, hili ni gugu. Linaota hata nyuma ya zizi langu, hakuna aliyeliomba. Kikaoni tulisema kabichi."

"Kabichi zile pale kitaluni, zinakua. Lakini mwenyekiti, siku hizi pamba mtu anamuuzia amtakaye, ruksa. Koti la marehemu wa Ulaya, ruksa. Mgagani tu ndio marufuku?"

Wanawake wakaacha majembe. Mwenyekiti akalitazama koti lake.

"Usinigeuzie maneno. Sharti lilikuwa mboga."

"Haya. Jana mkeo kaja hapa kuchuma. Ulikula nini jana usiku?"

"Ugali."

"Na nini?"

Akaanza kufuta tandiko la baiskeli. Jirani mmoja akapaza sauti: "Sema, mwenyekiti, kikao kinakusikiliza!"

"Na... mboga," akasema.

Bonde zima likaangua kicheko, hata yeye mwenyewe akashindwa kujizuia. Mtu akishakiri mbele ya wanawake wote wale kwamba alichokula na ugali ni mboga, hana tena njia ya kukirudisha kwenye magugu.

"Ilikuwa na maziwa," akaongeza, kama anayejitetea. "Haya, mayu, kipande ni chako. Lakini kabichi nizione."

"Utaziona. Msalimie mama watoto."

Nimesoma hoja nyingi vitabuni tangu wakati ule, na sijakutana na iliyomshinda mtu kwa heshima kama ile. Mwenyekiti alipoigeuza baiskeli yake mama hakumsindikiza hata kwa macho. Alikwisha kuinama kuchuma, kwa sababu wateja wa jioni hawasubiri kesi ziishe.