Mvi za Katekista

Wiki ya shule yetu ina mwendo wake. Jumatatu ni gwaride na sala, Jumatano rozari chini ya mabati yanayochoma utosi, Alhamisi watoto husugua sakafu ya kanisa, na Ijumaa zote za Kwaresima ni Njia ya Msalaba. Nafundisha gredi ya nne hapo, si mbali na Matsangoni. Katekista wa shule ni baba yangu mzazi.

Njia ya Msalaba hatuisali tu, tunaiigiza. Wakubwa huwa askari, mmoja huwa Yesu, na msafara hutoka langoni ukapita kwenye mikorosho iliyopigiliwa misalaba midogo, kila mkorosho kituo chake. Mijeledi husukwa kwa makumbi ya nazi isiumize. Damu tunaichemsha jikoni kwa rangi ya mabuyu, na Jumatatu mama yake Yesu huja kunigombeza kwa sababu ya shati.

Sasa, huku kwetu mzee akiota mvi hupaka piko ziwe nyeusi. Si urembo. Mtoto wa jirani akiugua, kichwa cheupe ndicho kinachoshukiwa uchawi kwanza. Nimewajua wazee waliokatwa mapanga vitandani mwao, na walioshika jembe kuchimba kaburi ni walewale waliokuwa wameshika panga. Nilimsihi baba apake. Alikataa katakata.

"Nawafundisha watoto wasiseme uongo," alisema. "Niwafundishe nikiwa na kichwa cha uongo?"

Mwaka huu, Kwaresima ikikaribia, binamu yangu, mwana wa marehemu baba mkubwa, alifiwa na mtoto kwa surua. Shamba lake limepakana na la baba, na mpaka wamekuwa wakiugombania tangu zamani. Akasimama matangani akasema mzee mwenye mvi ndiye aliyemla mwanawe. Chanjo aliyomkataza mkewe hakuitaja. Nilimwambia baba ahamie kwangu.

"Mungu yupo, mwanangu."

"Na panga lipo, baba."

Alinikasirikia, akachukua kitabu chake cha sala akaenda zake.

Ijumaa ya kwanza tulifika kituo cha Yesu kuanguka mara ya pili. Baba alikuwa mbele, anasoma. Binamu akatoka nyuma ya mkorosho na vijana wawili. "Mutsai!" alipiga kelele, yaani mchawi. Watoto walidhani ni askari wapya, wakaendelea kuimba. Baba aliinua mkono kujikinga, panga likaupitia. Kitabu na vidole viwili vikaanguka mchangani pamoja. La pili lilimwingia begani. Alipiga magoti, na watoto, kwa mazoea, wakapiga magoti naye.

"Mwalimu," mmoja wa darasa langu aliniambia huku akitabasamu, "leo mabuyu ni mengi."

Sijui nilipitaje katikati yao. Niliunyakua msalaba begani mwa Yesu wetu nikampiga nao binamu usoni, nikasikia meno yakivunjika. Alianguka kwa ubavu, mkono umekunjwa kifuani, kichwa hakikugusa chini. Baba ndiye aliyemfunza kuanguka vile, miaka ile alipokuwa darasa la saba na yeye ndiye Yesu wetu. Nilimpiga tena akiwa chini, na nilifurahi. Wenzake walikimbia kina mama walipotoka mashambani na majembe. Padre aliniuliza baadaye kama najuta. Nilimwambia bado.

Binamu yuko rumande. Wale wawili hawajashikwa. Mmoja nimekutana naye sokoni, akaniamkia vizuri tu. Majirani waliosikiliza maneno ya matangani wakanyamaza ndio walioleta sukari na pole. Sukari niliirudisha.

Kilifi hospitalini, baba alipoweza kuzungumza, nilimwamkia shikamoo.

"Marahaba. Umekuja na piko?"

Nilidhani homa inamsemesha. Akarudia, bila kunitazama. "Kalete, mwanangu."

Nilimpaka mwenyewe alipotoka, uani kwangu. Aliinamisha kichwa, akafumba macho kama mtoto anayenyolewa. Maji meusi yalimtiririka shingoni hadi kwenye bendeji. Nilikuwa nimeshinda, na nililia kwa hasira.

Ijumaa ya mwisho ya Kwaresima alirudi kuongoza. Nilikuwa nimewaambia jikoni wasichemshe damu. Watoto walijipanga wakimkodolea macho, kichwa kile cheusi tii juu ya uso wa mzee. Yule wa mabuyu hakuweza kuvumilia.

"Katekista, mvi zako zimeenda wapi?"

Baba alikuwa hajawahi kuacha swali la mtoto bila jibu. Siku hiyo alifungua kitabu kwa vidole vilivyobaki, akasoma kituo cha kwanza.